Usiulizie jalada la Mahurunga

Mtu wa Mahurunga, kwetu karibu na mdomo wa mto Ruvuma, akifunga safari hadi Dar es Salaam kutafuta habari za kijiji cha babu yake, huwa na hamu ya kuulizia jalada lililoandikwa "Mahurunga". Akiambiwa halipo, anarudi kwao akiamini kwamba serikali haikuwahi kuandika lolote. Hapo swali ndilo lililokosewa.

Nyaraka za serikali hupangwa kwa kufuata ofisi iliyoziandika. Jina la kijiji au la ukoo limo ndani ya karatasi, haliandikwi juu ya jalada. Kwa hiyo jiulize kwanza: mwaka unaoutafuta, bwana mkubwa wa eneo letu aliketi wapi? Enzi za Wajerumani aliketi Lindi, na chini yake palikuwa na Mikindani, ambako boma la 1895 lingalipo. Kwa Mwingereza tafuta Mikindani, kisha Jimbo la Kusini, lililotawaliwa kutoka Lindi kabla ya makao kuhamia Mtwara, mji uliokuzwa na bandari ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga wa 1947. Hata baada ya uhuru uwe macho: Mkoa wa Lindi ulikatwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na majalada ya kabla ya hapo yamechanganyika.

Kwa watu wa mdomo wa Ruvuma kuna fundo jingine, nalo ni Kionga. Wajerumani waliitwaa sehemu hiyo ya ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji, mwaka 1894. Wareno wakaichukua 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Maana yake, kwa miaka 22 ng'ambo zote mbili za mto hapa mdomoni ziliandikwa na serikali moja. Mwenye mjomba upande ule atamkuta kwenye karatasi za Kijerumani hadi 1916. Baada ya hapo aelekee Maputo au Lisbon, na huko aandike "Quionga" na "Rovuma", la sivyo ataambiwa hakuna kitu.

Karatasi za Kijerumani zenyewe zina kisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana, Wajerumani walizifukia nyingi ardhini, zikaja kufukuliwa baadaye. Leo ziko Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Taarifa zilizopelekwa kwa wakubwa wao Ulaya zimehifadhiwa Berlin. Mwandiko wa mkono wa enzi hizo humtoa jasho hata Mjerumani wa leo, basi usione haya kuomba msaada. Tena ukimjua mzee anayesoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, mbembeleze: barua nyingine za wakati huo ziliandikwa hivyo.

Sheria Na. 3 ya 2002 inafungua nyaraka za umma kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Za miaka ya vita ya ukombozi wa Msumbiji, mpaka wa Ruvuma ulipokuwa moto, zimeshavuka umri huo.

Kabla ya kupanda basi, keti na wazee wakutajie majumbe na maakida wa zamani, maana kwenye taarifa za bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, majina yao hutokea mara nyingi kuliko la kijiji. Yaandike kwa tahajia tatu au nne. Na kwa kunakili huko kwenye nyaraka, chukua penseli, kalamu ya wino iache nyumbani.