Robota la nyasi lisikuhadae kwa rangi ya nje

Tangu ule ukame ulioanza 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, wafugaji wa Ganze, Kinango na Tana River wamejua thamani ya nyasi kavu. Shamba lililokuwa likichomwa moto sasa linakatwa na kufungwa marobota. Ni jambo jema. Ila malalamiko ninayoyasikia ni yale yale: robota kwa nje ni kijani, ukilifungua ndani kuna vumbi jeupe na harufu ya kuvunda. Pesa imekwenda na ng'ombe hali.

Chanzo ni maji. Nyasi zikikatwa, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji. Ili zikae ghalani salama, unyevu ushuke hadi kama asilimia 15. Ukipita 20, kuvu ataingia. Bara, jua na upepo mkavu huimaliza kazi hiyo upesi. Sisi wa Pwani tuna hewa ya bahari na umande wa usiku, kwa hiyo nyasi zilizokauka jioni, asubuhi huzikuta zimelainika tena. Zikusanye matuta magharibi, zitandaze umande ukishakauka, na ufunge mchana.

Masika nayo ni mtihani. Boma rodesi hukatwa inapoanza kutoa maua, na mara nyingi mvua bado hazijakatika. Wako wanaosubiri kaskazi. Hao hupata nyasi kavu, naam, lakini ni mabua, lishe imeshaondoka. Naona afadhali kukata kidogo kidogo, kiasi unachoweza kukianika ukipata siku tatu za jua.

Utajuaje kama zimekauka? Sokota konzi moja: zikivunjika ziko tayari, zikijikunja kama kamba bado. Asiyeamini mkono wake achukue chupa kavu yenye kifuniko, akate nyasi vipande vidogo ajaze nusu, atie kijiko cha chumvi kavu na atikise dakika mbili tatu. Chumvi ikigandamana, rudisha nyasi juani.

Hata ukikausha vyema, robota jipya hutoka jasho na kufukuta ndani kwa wiki mbili tatu za kwanza. Hapo ndipo wengi huharibu, maana hulipanga likiwa limebanana, juu ya sakafu, kisha wakalifunika turubai. Liweke juu ya boriti, uache nafasi ya upepo baina ya safu, na paa lisivuje. Chomeka chuma kirefu katikati ya lundo, ukiache robo saa, kisha ukitoe. Kikiwa cha moto hata hushikiki, tawanya marobota upesi. Joto likifika digrii 65 ni hatari, na likipita 80 nyasi zaweza kuwaka zenyewe, bila kiberiti wala mtu.

Sasa tuje kwenye kuuza. Tuache kuuziana kwa idadi. Tupime kwa mizani. Na hata mizani hudanganya nyasi zikiwa mbichi. Robota la kilo 20 lenye unyevu wa asilimia 25 lina kilo 15 tu za chakula. Lenye asilimia 15 lina kilo 17. Katika marobota 100, mnunuzi amelipia kilo 200 za maji ya ziada.

Waislamu twaijua habari ya Mtume (SAW) sokoni, alipotia mkono katika lundo la chakula, vidole vikatoka na maji. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua, naye akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Lundo lile lingeweza kuwa la nyasi.

Kwa hiyo muuzaji aandike tarehe ya kufunga, na amwachie mteja achague robota lolote la kufunguliwa papo hapo. Likinukia vizuri na ndani ni kijani, bei haitabishaniwa sana. Yaliyonyeshewa yatengwe, yauzwe rahisi kwa kutandikia banda, na mteja aambiwe hivyo. Asipewe kabisa mwenye punda: vumbi la kuvu huharibu mapafu ya mnyama huyo kuliko ng'ombe, na kule Lamu punda akikohoa, mchanga na mawe ya ujenzi hayafiki.