Beki wa Jana Anapotaka Kuwa Mwalimu

Tarehe 2 Februari 2004, timu ya taifa ya Kenya iliilaza Burkina Faso mabao 3-0 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo tangu tulipozishiriki mara ya kwanza mwaka 1972 nchini Cameroon. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, nami niliutazama mchezo ule katika kibanda kimoja cha Likoni kilichofurika watu hata waliokosa viti wakakalia kreti za soda. Waulize leo waliokuwapo ni nani waliofunga, nao watakutajia bila kusita: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Kisha waulize ni nani aliyeiongoza ngome hata wapinzani wakaondoka mikono mitupu. Wengi watakuna vichwa.

Nahodha wa kikosi kile alikuwa Musa Otieno, beki wa kati. Ni juu yake ninapotaka kuanzia leo, kisha nifike kwa beki mwingine ambaye wewe, msomaji, humjui na wala hutamjua kwa jina.

Otieno alijiunga na klabu ya Santos ya Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1990, akadumu huko kwa zaidi ya mwongo mmoja. Santos haikuwa klabu ya mabwanyenye. Iliundwa mwaka 1982 na ilikulia katika ligi ya wale waliokataa kucheza chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na mashabiki wake walikuwa watu wa kawaida wa mitaa ya Cape Flats. Katika msimu wa 2001/02, chini ya kocha Gordon Igesund, klabu hiyo iliwashangaza vigogo wa Johannesburg na Pretoria ikatwaa ubingwa wa Afrika Kusini, huku Mkenya huyo akiwa miongoni mwa nguzo zake. Alipotundika daluga hakupotea. Bobby Williamson, yule Mskoti aliyeinoa Harambee Stars kati ya mwaka 2014 na 2016, alimfanya kuwa msaidizi wake. Beki akawa mwalimu.

Wala si yeye peke yake. Jonathan Niva, aliyekuwa nahodha na mlinzi wa Kenya kule Cameroon mwaka 1972, naye baadaye alishika ukocha. John ‘Bobby’ Ogolla, beki aliyeogopwa katika miaka ya 1980, akaja kuwa miongoni mwa walimu wa Gor Mahia. Nadhani hii si sadfa. Mshambuliaji huupa mgongo uwanja nusu ya muda wake, macho yakiwa langoni. Beki wa kati huwa na wachezaji karibu wote mbele yake. Huona pengo kabla halijatumiwa. Tena, na hili ndilo linalonivutia mimi mtu wa isimu, beki hufanya kazi yake kwa kusema. Beki bubu ni hatari kwa timu yake mwenyewe.

Tazama neno tunalolitumia kwa kosa ambalo mabeki wote huishi nalo: kuotea. Katika Kiswahili cha kale kuotea ni kuvizia, kujificha njiani umsubiri mtu au mnyama apite. Waliolipeleka neno hilo uwanjani walikuwa na akili pevu, maana mshambuliaji aliyejitanguliza nyuma ya mabeki kwa hakika anavizia. Lakini mabeki nao wana mtego wao: husogea mbele kwa pamoja, kwa amri moja, na yule aliyekuwa akiotea akajikuta ameotewa. Amri hiyo lazima itamkwe na mtu mmoja, kwa sauti moja, kwa wakati wake barabara. Sheria yenyewe imebadilika mara kadha. Mwaka 1925 idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Mwaka 1990 aliyelingana na beki wa pili kutoka mwisho akahesabiwa kuwa hajaotea. Na mwaka 1992 kipa akakatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Kila mara ni mabeki waliolazimika kurudi darasani.

Hapa kwetu lugha ya ulinzi wa mpira ina historia yake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia Februari 2025, alikuwa mzaliwa wa Frere Town, huku Kisauni, na kwa miaka mingi ni sauti yake redioni iliyowafunza Wakenya kuuona mchezo kwa masikio. Wengi wetu tulijua maneno ya kandanda kabla ya kuuona uwanja wenye nyasi. Neno ngome nalo, ambalo watangazaji hulitumia kwa safu ya mabeki, kwa mtu wa Mombasa si tamathali tupu. Ngome tunaipita kila siku tukiwa mjini, ile iliyozingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 kabla ya kuanguka mikononi mwa Waomani. Hata hivyo nimekwenda kando kidogo.

Beki wa pili niliyemwahidi msomaji ni sahibu yangu tuliyesoma naye Likoni. Mimi nilikuwa namba mbili, tena mbovu. Yeye alikuwa namba tano. Alikuwa na kimo, lakini sifa yake kubwa ilikuwa mdomo. Alinipanga na kunipangua dakika zote tisini, nami nilimtii kwa sababu aghalabu alikuwa na haki. Baada ya shule mimi nilivuka feri kwenda kutafuta shahada. Yeye alivuka feri kwenda kutafuta kibarua bandarini. Alichezea timu kadhaa za mtaani na za kazini, akaumia goti, akaacha. Sasa kila jioni anawafunza vijana wapatao thelathini katika kiwanja cha mchanga, bila malipo, na baadhi yao wamekwisha kusajiliwa na timu za madaraja ya juu kuliko alizochezea yeye.

Miaka michache iliyopita alijiandikisha katika kozi ya ukocha ya ngazi ya chini kabisa. Alilipa ada kwa fedha alizoweka akiba kwa miezi mingi. Masomo yote yaliendeshwa kwa Kiingereza, vijitabu vilikuwa vya Kiingereza, na mtihani wa maandishi ulikuwa wa Kiingereza. Uwanjani alipongezwa. Katika karatasi alianguka.

“Sheikh,” aliniambia tukiwa ndani ya feri, “mpira naujua. Karatasi ndiyo iliyonikana.”

Nilimwomba aniruhusu nikae kando ya kiwanja chake na daftari. Nilikwenda jioni tatu. Nilichokiandika ni orodha ya yapata vitenzi ishirini: panda, shuka, ziba, vuta, baki, toka, geuka, funga, rudi, mwache. Karibu vyote ni vya silabi mbili, maana amri ya umoja katika Kiswahili ni shina tupu la kitenzi, na mkazo huangukia silabi ya kwanza kati ya hizo mbili, hivyo neno husikika hata upepo wa kusi ukivuma. Kila kimoja kina maana ya kiufundi isiyobadilika. ‘Panda’ kwake ni mstari mzima wa mabeki usogee mbele ili wapinzani waotee. ‘Vuta’ ni kumlazimisha mshambuliaji aelekee ubavuni, mbali na lango. ‘Ziba’ ni kukata njia ya pasi bila kuufuata mpira. Vijana wa miaka kumi na miwili wanaelewa. Hiyo ni istilahi kamili, iliyosanifiwa na mtu asiyejua kwamba anasanifu.

Kwa nini basi istilahi hiyo isikubaliwe katika karatasi ya mtihani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sisi wa vyuo vikuu tuna lawama yetu. Tumekuwa na kamusi ya istilahi za isimu tangu mwaka 1990, ilipotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, nami naitumia kila wiki. Lakini mwalimu wa mpira wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe hatujamwandikia hata kurasa ishirini. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nchi tatu ambazo wachezaji wake wanaweza kugombana na refa kwa Kiswahili na wakaeleweka! Je, hazingeweza kukaa pamoja zikatoa kitabu kimoja cha mafunzo?

Wapo watakaosema cheti ni cheti, na kwamba kocha asiyejua Kiingereza hatafika mbali. Sikatai kwamba atakayetaka kwenda Cape Town kama Musa Otieno atahitaji lugha ya watu wa huko. Lakini anayewafunza watoto wa Mtongwe atasema Kiswahili na watoto wa Mtongwe. Na hata wakubwa wa mchezo huu wamewahi kukiwekea cheti kando wanapoona faida. Franz Beckenbauer, beki na nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974, alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 1984 hakuwa na leseni ya ukocha. Wajerumani, watu wanaosifika kwa kupenda karatasi, walimtungia cheo kingine, cha kiongozi wa timu, wakaendelea na kazi. Mwaka 1990, kule Roma, aliwafunga Argentina 1-0 akiwa katika benchi, akatwaa kombe lile lile aliloliinua akiwa mchezaji. Sahibu yangu haombi kutungiwa cheo. Anaomba swali lisomeke.

Nawageukia walimu wenzangu. Shuleni mwenu, hasa huku bara ya Mombasa, bila shaka yupo msichana au mvulana anayecheza nyuma na kupiga kelele nyingi. Ninyi humkemea darasani kwa kelele hizo hizo. Mpeni jioni moja awafunze wadogo zake, mkasikilize anavyopanga maneno, na mkiweza mkayaandike. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameanza kufanya hivyo katika uwanja wa Bomu kule Changamwe na ule wa Mbuzi huko Kongowea, na tayari tumegundua kwamba ‘ziba’ ya Changamwe si ‘ziba’ ya Likoni. Kule ni kumkaba mtu, huku ni kukata njia. Tutalazimika kuchagua, na najua kutakuwa na ubishi.

Wakati huo huo mimi na sahibu yangu tunakutana kila Jumapili baada ya alasiri, kijitabu cha Kiingereza kikiwa kati yetu. Mimi naeleza sentensi, yeye ananieleza maana yake uwanjani, kisha anaiandika kwa Kiswahili pembeni na kwa Kiingereza chini yake. Wiki iliyopita tulikwama kwenye lile jambo la beki mmoja kutoka kumkabili mshambuliaji huku mwenziwe akisogea nyuma yake kidogo, upande wa ndani, ili wa kwanza akipitwa wa pili awepo. Nilipendekeza maneno matatu ya kitaalamu. Aliyakataa yote. Yeye huwaambia vijana wake ‘kivuli’. Tumeliandika hilo. Mtihani wa marudio ni mwezi ujao, nasi tumefika ukurasa wa kumi na tisa.