Mkulima wa Uluguru akizuia udongo, nani amlipe?

MVUA za masika zinapopiga Milima ya Uluguru, maji ya Mto Ruvu hugeuka rangi. Tope hilo ni rutuba ya shamba la mkulima wa mlimani inayosafiri kwenda Bahari ya Hindi.

Likifika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayotegemewa na Dar es Salaam, linageuka gharama. Maji yakizidi tope, dawa za kuyasafisha nazo huzidi. Kiwanda cha soda, mama lishe na muuza maji wa mkokoteni wote wanaguswa.

Je, mkulima akizuia udongo usishuke, anayefaidika huko chini amlipe?

Jibu lilijaribiwa Kibungo Juu, Morogoro Vijijini, katika mradi ulioanza mwaka 2006. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa bonde la Mto Mfizigo na wanunuzi wawili: DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola. Mkulima alilipwa kulingana na ukubwa wa eneo na kazi aliyofanya: matuta ya ngazi, makinga maji ya fanya juu na fanya chini, mistari ya majani au kupanda miti.

Waluguru si wageni wa matuta. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuyachimba bila malipo, na mwaka 1955 wananchi waligoma hadi zikazuka ghasia. Ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, jasho likamwagika na mavuno yasionekane.

Somo hilo bado lina uzito. Kazi ya jembe hutangulia, faida hufuata. Tuta la ngazi hula siku nyingi na kupunguza eneo la kupanda. Bila samadi, mavuno ya msimu wa kwanza yanaweza kushuka.

Miti ina ugumu wake. Uluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, tena wa upande wa mama. Aliyeazimwa shamba akipanda miti huonekana anataka kulimiliki. Hivyo mnyonge asiye na ardhi anaweza kuyakosa malipo yaliyokusudiwa kumwinua.

Kuna na suala la mnunuzi. Mwaka 2018 DAWASCO iliunganishwa na DAWASA. Taasisi hubadilika na miradi hufika mwisho, lakini matuta yanahitaji kukarabatiwa kila mwaka.

Mkulima anayeletewa mpango wa aina hii aulize kabla ya kutia saini: Malipo ni kiasi gani kwa eka, na yatatoka lini? Nani atapima shamba? Mwenye ardhi amekubali kwa maandishi? Mradi ukiisha, nani ataendelea kulipa?

Pia achague kazi inayojilipa yenyewe. Majani ya tembo kwenye kingo za matuta hushika udongo na kulisha mifugo. Samadi ya mifugo hiyo inarudi kwenye tuta, na mboga au maharage yanastawi.

Fedha ya mnunuzi wa maji iwe nyongeza. Mtaji wa kwanza wa mkulima ni udongo wake, na ukishafika baharini haurudi.