Umri wa Vyombo Tunavyonunua

Mnunuzi aingiapo dukani hutazama kwanza rangi, kisha bei, na aghalabu hukoma hapo. Walakini umri wa chombo umefichika mahali ambapo macho yetu hayakuzoea kutazama, yaani pale vipande viwili vilipounganishwa, na pale ambapo fundi ataweza, au hataweza, kutia bisibisi siku kitakapoharibika.

Tutazame mathalan cherehani. Isaac Singer, Mmarekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na kabla karne ile haijaisha cherehani za jina lake zilikuwa zimeenea pande nyingi za dunia. Zile nyeusi za chuma cha kusubu, ambazo nakshi zake za dhahabu zimefutwa na viganja vya baba kisha vya mwana, zingali zikishona kanzu katika baraza za mafundi wetu. Uzito wa chuma umezisaidia, lakini kilichozisaidia zaidi ni kwamba hazikumficha fundi kitu: skurubu zake zaonekana, matundu ya mafuta yako wazi, na sindano, bobini na mkanda wa ngozi hubadilishwa bila ya kuvunja chochote. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja ya kitabu cha maelezo huweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena, ikafanya kazi kama jana.

Kinyume cha hayo ni kisa cha globu za umeme, ambacho kila mnunuzi yafaa akijue. Mwaka 1924 wakuu wa makampuni ya taa, wakiwamo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, walikutana Geneva wakaunda muungano ulioitwa Phoebus, wakaafikiana kwamba globu ya kawaida iwe na umri wa saa 1,000, ingawa zilizokuwapo zamani ziliweza kupita hapo, na kampuni ambayo globu zake zilizidisha umri huo ikatozwa faini. Watetezi wao walisema kwamba globu iliyoundwa idumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme mwingi, na katika hoja hiyo mna ukweli. Lakini ukweli ungaliweza kuelezwa hadharani kwa mnunuzi, wala usingalihitaji mapatano ya siri na faini. Tangu hapo hatuna udhuru wa kudhani kwamba kila chombo kinachokufa mapema kimekufa kwa bahati mbaya.

Dukani, basi, mkono na ufanye kazi pamoja na jicho. Ubavu wa sufuria ubonyezwe kwa kidole gumba: ukiingia ndani kwa wepesi, kitako chake kitapinda juu ya moto wa mkaa, na wali utaungua upande mmoja. Kisu na panga vitazamwe mpinini, kama chuma kimefika mwisho au kimeishia njiani. Kiatu kikunjwe soli: iliyoshonwa kwa uzi, mshona viatu aweza kuifumua na kutia nyingine, na ngozi ya juu ikaishi miaka; lakini iliyogandishwa kwa gundi tupu haina tumaini kubwa, na hadhari na mishono ya kuchorwa ambayo haikupita popote. Ndoo ya plastiki huuawa na jua kuliko kazi, na ndiyo maana matangi mengi ya maji hufanywa meusi, kwa kuwa masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo huizuia mionzi isiikaushe plastiki ikapasuka.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Bati jema limevikwa zinki, na zinki huliwa kwanza kabla ya chuma kuguswa. Bati lenye utando mwembamba wa zinki huota kutu upesi. Ama chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikipata mwaka 1913 kwa kuchanganya chuma na kromi, wako wanaokipima kwa sumaku. Kipimo hicho si cha kutegemea, maana ziko aina njema zinazovutwa na sumaku na aina dhaifu zisizovutwa.

Najua kwamba kitu madhubuti huwa ghali, na mwenye kipato cha siku kwa siku hawezi kuambiwa angoje mpaka apate. Lakini yeye ndiye anayenunua chombo kile kile mara tatu, na ndiye aliye na haki kubwa zaidi ya kutodanganywa. Kwake yeye chombo kilichokwisha kutumika chaweza kuwa bora kuliko kipya hafifu, kwa sababu kilichostahimili miaka 20 kimekwisha kutoa ushahidi wake.

Ufaransa, Januari 2021, ilianza kuwalazimisha wauzaji wa baadhi ya vyombo, kama simu na mashine za kufulia, kuonyesha kwa alama kati ya 10 jinsi chombo kilivyo chepesi kutengenezeka. Kwetu hakuna alama hizo, lakini mafundi tunao katika kila mtaa. Kabla hujatoa fedha yako, msomaji, pita kwa mmoja wao umwulize ni aina gani huletewa mara kwa mara, na ni aina gani ambayo vipuri vyake hupatikana mjini. Hatakutoza chochote kwa jibu hilo.