MOTOKARI YENYE KULALA: KUFICHA SI KUCHUNGA



Hapa Kambove, wachache kati yetu wako na motokari nyumbani. Lakini karibu kila mtaa uko na motokari moja yenye kulala: chini ya muembe, nyuma ya nyumba, ao ndani ya garaji yenye kufungwa. Watu wanapita na kusema: "Muiache tu, iko inapumuzika." Leo ninataka kufasiria sababu gani neno lile si kweli. Mtu akipumzika anapata nguvu. Motokari ikipumzika inaharibika kidogo kidogo, na siku ya kuiamsha inaweza kuua.

Baba yangu mkubwa iko na Peugeot 504 kupe, ile ya milango miwili. Ni motokari ya mbio, na ya zamani, kwani Peugeot iliacha kuitengeneza katika mwaka 1983. Anaipenda sana, na juu ya kuipenda hataki kuitembeza. Mwaka mmoja, mvula ilipoanza mwezi wa 11, aliifunika bashi ya plastiki, akavuta freni ya mkono, akafunga mlango. Mwezi wa 5 akafungua. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limekamatana. Tukaisukuma kwa nguvu mpaka likaachia. Tukaazima batiri, moteri ikakubali mara moja. Sisi watoto tukapiga makofi, tukapanda.

Kwa mtelemko wa kwanza, pedali ya freni ikashuka mpaka chini, sawa vile kukanyaga tope. Baba mkubwa akarudisha vitesi mpaka ya kwanza, akavuta freni ya mkono, tukaingia katika majani kando ya barabara. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini mbele yetu kulikuwa mama mmoja mwenye kusukuma kinga yenye magunia mawili ya makala. Hakujua kitu. Mpaka leo ninamuona mgongo wake.

Kiisha pale nilianza kuuliza mekanisie na kusoma. Haya ndiyo niliyopata.

1. FRENI. Mafuta ya freni yanapenda maji. Yanavuta unyevu wa hewa, hata motokari ikisimama. Mafuta mapya ya namna ya DOT 4 hayachemki mbele ya kufika degre 230. Yakiisha kunywa maji yanaweza kuchemka kwa degre 155 hivi. Yakichemka yanazaa mvuke, na mvuke unakubali kufinywa, ndipo pedali inashuka bure. Tena maji yale yanaleta kutu ndani ya silinda. Kwetu, mekanisie alitosha silinda kubwa ya freni akatuonyesha: ndani kutu, na mpira wake umepasuka. Kwa hiyo mafuta ya freni yanapashwa kubadilishwa kila miaka miwili, hata kama motokari haikutembea kilometa moja.

Na freni ya mkono? Usiivute wakati wa kuilaza kwa muda mrefu, maana itashikana na ngoma ya gurudumu. Weka vitesi ya kwanza, kiisha tia vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu.

2. MOTERI. Wengi wanasema: "Mimi ninaiwasha kila juma dakika tano, inatosha." Haitoshi, na inaharibu. Ninyi wenye kusoma kemia mtafahamu: esansi ikiungua, aidrojeni yake inaungana na oksijeni ya hewa, na inakuwa maji. Lita moja ya esansi inazaa karibu lita moja ya maji! Moteri ikiwa ya moto sana, maji yanatoka kama mvuke. Lakini kwa dakika tano moteri haijapata moto wa kutosha. Maji yanabaki ndani ya mafuta na ndani ya bomba la moshi, na kule yanakula chuma.

Basi dawa ni nini? Ni kutembea. Mara moja kwa mwezi, safari ya kilometa 20 ao 30 bila kusimama. Sisi tuko na bahati: kutoka hapa mpaka Likasi ni karibu kilometa 25. Njia ile peke yake inatosha kukausha moteri, kujaza batiri kidogo, kuzungusha mafuta na kusafisha freni. Kama hauna njia ya kuitembeza, ni heri usiiwashe kabisa, uilaze vizuri.

3. HEWA YENYE KUUA. Usiwashe moteri ndani ya garaji yenye kufungwa, hata kidogo. Moshi wake uko na gazi moja, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Inashika damu yetu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anasikia kichwa kuuma, usingizi unamkamata, anakufa bila kupiga kelele. Ni gazi ileile ya mbabula. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi, mtu anaingiza mbabula ndani ya chumba, anafunga madirisha, analala. Asubuhi haamki. Hata asiye na motokari akumbuke neno hili.

4. ESANSI NA BATIRI. Esansi inazeeka. Kiisha miezi mitatu mpaka sita sehemu zake nyepesi zinakuwa zimeruka, na inayobaki inafanya kama gundi, inaziba matundu madogo ya karibiratere ao ya injeksio. Tanki ya chuma ikibaki nusu, hewa ya juu inaleta unyevu, na kutu inaanza. Kwa hiyo ijaze kwa esansi mpya, ao uitoshe yote.

Batiri nayo inajimaliza yenyewe. Batiri ya volti 12 ikijaa vizuri inaonyesha 12.6 hivi; ikishuka chini ya 12.4, uijaze. Ikikaa bila nguvu, sahani zake za risasi zinafunikwa na ukoko mgumu mweupe, na haishiki moto tena. Itoshe, uiweke pahali pakavu. Tosha kwanza waya wa hasi (–), ndipo ule wa chanya (+), juu ya kuepuka cheche.

5. PINE, BASHI NA PANYA. Uzito wote ukikaa pahali pamoja miezi mingi, pine inapata ubapa. Ongeza pumzi kidogo, bila kupita kipimo chenye kuandikwa kwa pine yenyewe, na uisukume kila mwezi ili igeuke robo ya gurudumu. Ukiipandisha, tumia magogo mazito ya mti. Matofali yanaweza kupasuka bila kukuambia.

Bashi ya plastiki ni adui. Wakati wa mvula, unyevu unapanda kutoka chini, unagonga plastiki, unarudi juu ya chuma. Motokari inatoka jasho usiku kucha. Funika kwa kitambaa cha pamba chenye kupitisha hewa, acha kioo wazi kadiri ya kidole kimoja, na kata majani yote chini yake. Bomba la moshi uzibe kwa kitambaa, maana panya wanapenda kulala mule, na wanakula nyaya pia. Lakini funga utepe mwekundu kwa usukani, usisahau kukitosha mbele ya kuwasha.

6. SIKU YA KUIAMSHA. Hapa ndipo sisi tulikosea. Moteri kukubali si alama kwamba motokari iko mzima. Moteri ni kitu cha mwisho, si cha kwanza. Angalia chini: je, kuna mafuta yaliyodondoka? Fungua mbele: je, kuna majani ya panya karibu na bomba lenye kupata moto? Pima mafuta ya moteri, maji ya radiatere, mafuta ya freni. Kanyaga pedali kwa nguvu, uhesabu mpaka 30. Ikishuka polepole, usitoke. Kisha tembea polepole ndani ya kiwanja, sawa mtu mwenye kutembea kwa miguu, ukamate freni mara kumi. Kama gurudumu limekamatana, ni neno linakuambia: simama, uliza mekanisie. Sisi tulilisikia, hatukulisikiliza.

Mtu atasema: motokari ya mbio ya zamani, na barabara zetu hizi? Mumjibu hivi. Katika mwaka 1978, Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kule Kenya na Peugeot 504 kupe, ndugu ya ile ya baba mkubwa, katika vumbi na matope mabaya sana. Na tangu mwaka 2003, kule Kenya kuko mashindano mengine ya motokari za zamani peke yake, Safari Classic. Zinapita njia za udongo kwa siku nyingi, na zingine ziko na umri kupita wazazi wetu. Chuma chao hakipiti chetu. Wao wanafungua, wanasafisha, wanabadilisha, wanatembeza.

Tunajua mfano wa talanta katika Matayo 25. Yule mtumishi aliyechimba udongo hakuiba kitu. Alifikiri kuficha ni kuchunga. Mimi nilikuwa nikisoma mfano ule kama habari ya feza tu, lakini tangu siku ya mtelemko ninausoma namna ingine. Jenereta yenye kulala, mashine ya kushona ya mama, pompi ya maji, hata Kifaransa tulichojifunza na hatukisemi: vyote viko na sheria moja.

Kupe ya baba mkubwa ingali inaishi. Silinda ya freni ni mpya, bashi ya plastiki tulikata tukafunika kuku. Na siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, ukisimama kando ya barabara ya Likasi, utaiona inapita polepole, vioo wazi. Baba mkubwa anakamata freni mara moja mbele ya mtelemko, hata kama hakuna mtu.

Mungu awachunge.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano