Maktaba za Eastlands Wakati wa Baridi

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi katika Nairobi. Mji huu umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo mawingu huweza kulifunika jua kutwa nzima. Watu wa pwani huyaita majira hayo kipupwe, nao huyafurahia kwa kuwa joto limepungua. Lakini mtu akaaye Kaloleni, Makadara au Shauri Moyo ana habari nyingine. Milango hufungwa mapema, jiko la makaa huingizwa ndani, na jamaa wote hukusanyika katika chumba kimoja. Mtoto mwenye kazi ya shule hutafuta mahali pa kuweka daftari lake asipaone.

Katika majira kama haya yafaa kuzikumbuka maktaba za mitaa ya mashariki ya Nairobi. Watu wengi hudhani kwamba maktaba ni ghala la vitabu, na kwamba asiyekuwa mwanachuoni hana shughuli humo. Dhana hiyo si sawa. Kitu cha kwanza ambacho maktaba humpa mwananchi ni meza, kiti, mwanga na utulivu. Vitabu hufuata baadaye.

NYUMBA ZA MTU MMOJA

Ili kufahamu kwa nini meza ina thamani kubwa hivyo, hapana budi kukumbuka jinsi Eastlands ilivyojengwa. Zamani za ukoloni, wakuu wa mji walimhesabu Mwafrika kuwa ni mgeni wa muda tu. Walimtazamia afanye kazi yake reli, ofisini au nyumbani kwa Mzungu, kisha arudi kwao. Kwa hiyo nyumba nyingi walizojengewa Waafrika zilikuwa vyumba vya wanaume walioacha wake zao mashambani. Kilichohesabiwa kilikuwa kitanda, si familia.

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa afadhali. Huo ulipangwa kwa ajili ya mtu na mkewe na watoto wake, ukapewa viwanja vya majani na ukumbi wa mikutano ambao baadaye ulipata sifa kubwa katika siasa za kudai uhuru. Lakini hata humo vyumba vilikuwa vichache.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu walikuwa huru kuleta jamaa zao mjini, nao wakawaleta. Watoto wakazaliwa, na watoto hao wakapata watoto wao. Kuta, hata hivyo, hazikusogea. Chumba kilichokusudiwa mtu mmoja kikawa jiko, sebule na malazi ya watu watano au sita. Meza ya kusomea haikuwamo katika hesabu ya mjenzi.

JUMBA LENYE SIMBA WAWILI

Katikati ya mji, katika barabara ya Banda, kuna jumba la mawe lenye nguzo kubwa na sanamu za simba wawili mbele yake. Hilo ndilo McMillan Memorial Library, lililofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, alisaidiwa katika ujenzi huo na fedha za Carnegie Corporation kutoka Marekani. Jumba lilikuwa zuri, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Karani wa Kaloleni aliweza kupita mbele ya simba wale kila asubuhi kwa miaka mingi, na mlango usimhusu.

Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji ilishika madaraka ya maktaba hiyo, na baadaye matawi yake mawili yakawekwa Eastlands, moja Kaloleni na la pili Makadara. Umuhimu wa jambo hilo ni mkubwa kuliko majengo yenyewe, ambayo ni ya kawaida. Kwa mara ya kwanza maktaba ya mji ilimfuata msomaji karibu na nyumbani kwake, asilazimike kupanda basi kwenda kuomba nafasi mjini. Huko Buruburu nako Shirika la Maktaba la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilifungua maktaba yake.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kwa miaka mingi matawi yale hayakutunzwa ipasavyo. Majengo yalichakaa, vitabu vipya vikawa haba, na vya lugha za Kiafrika vichache zaidi. Mwaka 1917 au 1957 mtu angeweza kusema kwamba watawala ni wageni na hawajali. Lakini uchakavu huu ulitukia mikononi mwetu wenyewe.

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha chama kiitwacho Book Bunk kwa nia ya kuzifufua maktaba hizi tatu. Mwaka 2018 walipatana na Serikali ya Kaunti, na katika miaka iliyofuata tawi la Kaloleni na la Makadara yalitengenezwa upya. Habari ya kazi hiyo na taabu zake imeonyeshwa katika filamu iitwayo How to Build a Library, iliyotolewa mwaka 2025.

MAMBO YA KUFANYWA WAKATI WA BARIDI

Likizo ya shule ya mwezi wa Agosti huangukia katika baridi. Huo ndio wakati ambapo mtoto ana saa nyingi na mahali pachache pa kuzitumia. Maktaba ya mtaa inaweza kumpokea kwa njia nyingi. Wadogo husomewa hadithi kwa sauti, wakajifunza kusikiliza na kuuliza. Wakubwa kidogo huchora, huigiza, au hutazama filamu na kuizungumza. Wanafunzi wa sekondari, ambao mtihani wao wa KCSE huandikwa mwishoni mwa mwaka, hukaa pamoja wakidurusu masomo, na aliyefahamu hesabu humweleza mwenziwe.

Watu wazima nao wasijione wamesahauliwa. Kijana atafutaye kazi huhitaji mahali pa kuandika barua yake kwa utulivu. Mwenye duka huhitaji kujua namna ya kuweka hesabu. Siku hizi vyeti na leseni nyingi za serikali huombwa kwa njia ya kompyuta, na mzee asiyezoea chombo hicho humtegemea mtu wa kumlipa. Akifundishwa mara moja na kijana wa maktaba, huenda asihitaji kulipa tena.

Mzazi atakaye kumpeleka mtoto wake aende kwanza mwenyewe. Amwulize mkutubi maktaba hufunguliwa na kufungwa saa ngapi, Jumamosi ikoje, kuna mafunzo gani mwezi huu, na masharti ya kuazima kitabu ni yapi. Dakika kumi za maulizo zitamwokolea mtoto safari za bure.

Liko jambo jingine ambalo si la elimu bali la uhai. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huwapata watu wakiwa wamelala, nao wasiamke. Kila msimu wa baridi yapasa kukumbushana hatari hii. Maktaba haiwezi kuwapasha watu joto usiku, na jiko litolewe nje kabla ya kulala. Lakini mchana, mtoto akaaye katika chumba kikubwa chenye madirisha na wenzake hamsini yu salama kuliko yule ainamaye juu ya jiko ili aone maandishi.

WAJIBU WETU

Maktaba huishi kwa sababu mbili: kutumiwa na watu, na kutengewa fedha. Ile ya kwanza ni rahisi. Ile ya pili wananchi wengi hawajui kwamba wana sauti ndani yake. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba za umma katika kazi za kaunti. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, baridi ikiwa imeingia. Sheria yataka wananchi waulizwe maoni yao kabla ya hapo. Basi aendaye kwenye mkutano huo akataja barabara na maji, asisite kutaja pia viti, taa na vitabu vya maktaba ya mtaa wake. Kitu kisichoombwa na mtu yeyote ni chepesi kukatwa katika hesabu.

Mkulima aliye mbali asidhani kwamba habari hii haimhusu. Tangu mwaka 1948 East African Literature Bureau ilipoanzishwa, masanduku ya vitabu yalipelekwa vijijini, na wasomaji wengine walipata vitabu kwa posta, kwa kuwa ilifahamika kwamba kiu ya kusoma haiko mijini tu. Na leo wakulima wengi wana watoto wanaokaa na ami au shangazi huko Eastlands kwa ajili ya masomo. Baba wa namna hiyo, apelekapo salamu na gunia la viazi, na amwulize mwenyeji wake swali hili: mtoto husomea wapi wakati wa baridi? Kama jibu ni kitandani, amwambie kwamba Kaloleni na Makadara zina meza zilizowekwa kwa ajili yake.