Alikufa Angani, Lakini Hakuwa Peke Yake

Dunia inamkumbuka rubani mshairi. Na yule kijana wa ndege ya pili je?

Tuseme ukweli. Wengi wetu tukisikia habari za marubani wa vita, akili inakimbilia kwenye sinema: mabomu, moshi, halafu shujaa anarudi kwa mpenzi wake. Kumbe vijana wengi wa Vita Kuu ya Pili hawakumwona hata adui. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu zaidi ya 55,000, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa kwenye mafunzo na ajali za kawaida. Si mchezo!

Mwezi huu tunakuletea stori ya ajali moja tu. Ina mapenzi ndani yake, ina barua, na ina jina moja ambalo wengi hulipita bila kulitaja.

Kijana na binti wa mwalimu mkuu

John Gillespie Magee alizaliwa Shanghai mwaka 1922. Baba yake alikuwa mmishonari Mmarekani, mama yake Mwingereza. Alipelekwa kusoma shule ya bweni ya Rugby, Uingereza, na huko ndiko yalikomkuta. Akampenda Elinor Lyon, binti wa mwalimu mkuu! Akamwandikia mashairi. Binti hakumpenda kwa namna aliyoitaka yeye, ila hakumkatia mawasiliano pia. Wakabaki marafiki. Wangapi hapa tumeyapitia hayo?

Mwaka 1939 alikwenda Marekani, na vita ikamzuia kurudi shuleni. Nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Yale alikuwa nayo, akaiacha. Oktoba 1940 akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada, wakati nchi ya baba yake bado haijaingia vitani. Septemba 1941, akiwa Uingereza, aliwaandikia wazazi wake barua na kuwawekea shairi kuhusu raha ya kuruka. Ni hilo "High Flight" ambalo Rais Reagan alichukua maneno yake mwaka 1986 kuwaomboleza wanaanga wa chombo cha Challenger.

Miezi mitatu baada ya barua ile, mwandishi wake alikuwa kaburini.

Dakika chache za Desemba

Ilikuwa Desemba 11, 1941, siku ileile Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Marekani. Magee na wenzake walikuwa wakirudi kutoka mazoezini na ndege zao za Spitfire, juu ya mashamba ya Lincolnshire. Wakashuka kupitia uwazi kwenye mawingu. Kwenye kimo cha futi kama 1,400 akagongana na Oxford, ndege ya mafunzo yenye injini mbili. Mkulima mmoja alimwona rubani akihangaika kufungua kioo, akasimama, akaruka. Parachuti haikuwahi kufunguka. Alikuwa na miaka 19, akazikwa kijiji cha Scopwick.

Wasimuliaji wengi wanaishia hapo. Lakini ile Oxford nayo ilikuwa na mtu ndani! Aliitwa Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani kutoka kituo cha Cranwell. Naye alikuwa na miaka 19, naye alikufa asubuhi ileile. Hakuacha shairi la kusomwa na marais, basi katika simulizi nyingi anaitwa tu "ndege nyingine". Inauma, bwana. Habari mbaya zilifika kwenye familia mbili, siyo moja.

Anatafutwaje mtu kama Griffin?

Hapa ndipo utafiti unaponoga, na unaweza kuufanya wewe na mwenzi wako Jumapili mchana.

Anza na tarehe, siyo jina. Majina yanafanana, Magee mwenyewe alikuwa na jina la baba yake. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti: cheo, namba ya jeshi, kikosi, siku ya kufa na kaburi. Tafuta wote waliokufa siku moja, utaona nani alikuwa na nani.

Kisha tafuta namba ya ndege. Jumba la Makumbusho la Jeshi la Anga, London, lina kadi za ajali: aina ya ndege, mahali, na sababu iliyoandikwa wakati ule.

Halafu vitabu vya kumbukumbu vya vikosi, vilivyoko Hifadhi ya Taifa, Kew. Kikosi cha vita huandika siku kwa siku, ila cha mafunzo mara nyingi hakitaji wanafunzi. Ndiyo maana akina Griffin wanapotea kirahisi. Kama marehemu alikuwa wa Jeshi la Kanada, una bahati: mafaili ya waliokufa yako wazi.

Na mwisho, usiamini simulizi moja. Linganisha kadi, kaburi na barua. Zikipingana, usichague ile tamu kwa sababu ni tamu.

Na kwenu je?

Labda babu yako alikuwa keya, akapelekwa Burma. Orodha ileile ya Tume ina makaburi ya Nairobi na Dar es Salaam pia. Ila inawahusu waliokufa tu. Waliorudi wamebaki kwenye midomo ya bibi na shangazi, na kwenye picha zilizoko chini ya godoro.

Magee tunamjua kwa sababu mama na baba walitunza barua. Basi wikiendi hii, mkienda kusalimia ukweni, ulizeni nani yuko kwenye ile picha ya zamani. Halafu geuzeni picha, mwandike jina lake nyuma.